Kaye ya maboyi wa Elisabethville, na kaye yetu



Katika mkutano uliopita, tulipofika kwenye mambo mengineyo, mama mmoja wa Kavimvira alisimama akauliza swali ambalo sekretere aliliandika kwa mstari mmoja tu: nani anaandika historia yetu? Watu walicheka kidogo, juu saa ilikuwa imekwenda na mvua ilikuwa inashuka milimani. Lakini watu walipoondoka, wazee wawili na mwalimu mmoja wa kike walibaki. Wakasema wao watajitolea kuongoza hiyo kazi, kila Jumapili baada ya misa na ibada, bila franga. Komite ikanituma mimi nitafute kama kuna wengine waliofanya kitu kama hiki mbele yetu. Walinichagua juu nilisoma chuo, na kazi yangu ya shirika inanizungusha sana.

Nimetafuta. Wako, tena ni Wakongomani wenzetu, na hawakuwa maprofesa. Walikuwa maboyi.

Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, ilianza 1910, juu ya shaba. Kampuni ya Union Minière ilikuwa imeundwa miaka minne mbele. Mji wa namna ile haukuwa wa wachimbaji tu. Kila nyumba ya mzungu ilikuwa na mpishi, mfua nguo, mtu wa bustani, mtu wa kulala na watoto. Hao wote waliitwa boyi, hata kama mtu alikuwa na mvi na wajukuu. Uhuru ulipokuja, wazungu wengi wakaondoka, na maboyi wa zamani wakabaki bila kazi, na wengi bila pensheni. Wakawa na chama chao, kama sisi tulivyo na chetu. Na Septemba 1965 mmoja wao, André Yav, akaandika kwa jina la chama hicho kitabu kidogo kilichopigwa mashine, kurasa zisizofika 40, kwa Kiswahili cha Katanga. Jina lake ni la Kifaransa: Vocabulaire de ville de Elisabethville. Usidanganywe na jina, si kitabu cha kufasiria maneno. Ni historia ya mji, tangu mfalme Leopold na kampuni, kupitia vita mbili za dunia, mpaka Lumumba na Tshombe.

Fikiria wakati wenyewe. Septemba 1965 sisi huku tulikuwa ndani ya vita ambayo wazee wetu mpaka leo wanaiita ya Mulele. Uvira ilikuwa imeingia mikononi mwa waasi Mei 1964. Che Guevara alikuwa amevuka kutoka Kigoma Aprili 1965, akakaa milimani upande wa Fizi, akavuka tena kurudi Novemba. Kwa hiyo wakati watu wetu walikuwa wanalala porini na kuzika vyombo ili wasiporwe, kule kusini wafanyakazi wa nyumbani walikuwa wanaketi kuandika. Na wao hawakuwa wametulia sana: Katanga ilikuwa imetoka tu kwenye kujitenga kwake, kulikoisha Januari 1963. Ninayasema haya kwa wale wanaosema historia itaandikwa siku amani itakapokuja.

Waliandika nini? Waliandika walichokiona kutoka jikoni. Boyi anasikia mazungumzo ya mezani. Anajua nani analewa, nani anapiga, nani analipa mwisho wa mwezi na nani anasema subiri. Anajua majina mawili ya kila mzungu: lile la kwenye barua, na lile ambalo watu wa nyumbani walimpa kwa siri. Waliandika habari za walivyoletwa kazini, walivyolipwa, posho, vita waliyopelekwa kupigana na Wajerumani. Waliandika hata habari za batumbula, wale waliosemekana wanakamata watu usiku kwa faida ya wazungu. Mtu wa chuo anaweza kusema huo ni uvumi. Ndiyo, ni uvumi. Lakini uvumi ambao mji mzima uliuamini miaka na miaka unakuambia watu walikuwa wanaogopa nini, na jambo hilo hulipati kwenye ripoti ya kampuni.

Tarehe zao zinachanganyikana hapa na pale, hilo lazima niseme. Na maandishi yao yalikuwa ya mtu aliyejifunza kuandika mwenyewe: maneno yameungana, mengine yamekatwa katikati, nukta zinatokea zinapotaka. Mtaalamu mmoja aliyezaliwa Ujerumani, Johannes Fabian, alipokipata kitabu hicho alishindwa kukisoma kwa macho tu. Ikabidi Mkongomani, Kalundi Mango, akisome kwa sauti, na Kiswahili kikarudi kuwa Kiswahili. Fabian akakichapisha 1990, pamoja na tafsiri na maelezo yake. Miaka 25 ilikuwa imepita. Leo watu wanaosoma historia ya Kongo kwenye vyuo vya mbali wanapita kwa lazima kwenye hizo karatasi za maboyi.

Nimeeleza hivi kwa urefu juu mmoja wa wazee wetu wawili alinivuta pembeni akaniambia: "Mwanangu, mimi niliishia ya tatu primeri. Kiswahili yangu si ya vitabu. Nitaandika nini?" Mzee, utaandika vilevile. Mwalimu wetu atasoma kwa sauti.

Na si maboyi tu. Tangu 2000 kule kule Lubumbashi walimu wa chuo kikuu, pamoja na watu wa mitaa, wameendesha kazi ya kukusanya kumbukumbu za mji, nyimbo, vyombo vya nyumbani, hadithi za wachimbaji na wake zao, na kuvionyesha kwenye musée. Lakini wale walikuwa na chuo nyuma yao. Sisi mfano wetu ni maboyi.

Sasa nirudi kwenye ziwa letu.

Mwisho wa Aprili 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Walikuwa wanatafuta chanzo cha Nili, na swali lao lilikuwa moja: mto Ruzizi unatoka ziwani au unaingia? Speke alikuwa amepata habari kwa mfanyabiashara Mwarabu kwamba unatoka. Hapa Uvira wana watatu wa Sultani Maruta walikuja kuwaamkia, wakaulizwa. Wakajibu kwamba wao wamefika huko, na mto unaingia ziwani. Watu waliosimama pale wote wakakubali. Burton aliandika jinsi moyo ulivyomvunjika. Wenye mitumbwi wakakataa kwenda mbele, wakageuza.

Ulitegemea mambo yaishe pale, si ndiyo? Hayakuisha. Huko London wakaendelea kubishana, na 1864 Burton mwenyewe akageuka, akaanza kutetea kwamba huenda maji yanatoka ziwani kwenda kaskazini. Ilibidi kungoja Novemba 1871, Livingstone na Stanley wapande mtumbwi kutoka Ujiji, wafike mdomoni pa Ruzizi na kuona kwa macho yao kwamba unaingia. Miaka 13 kwa neno ambalo mtoto yeyote wa hapa, anayechota maji, angelisema. Wana wa Maruta wamebaki kwenye kitabu cha Burton bila hata majina yao.

Baada ya hapo walikuja Wabelgiji, na wao walikuwa na swali lingine. Hawakuuliza mto unakwenda wapi. Waliuliza: nani alifika hapa kwanza, na nani alikuwa anamlipa nani hongo? Hawakuuliza kwa kupenda historia. Walikuwa wanataka kupanga machefferie, wajue nani atakusanya kodi na nani atatoa watu wa kulima barabara. Basi administrata anakaa kwenye kiti chake, anamwita mwami na wazee wake, anaandika. Jirani naye anaitwa, anasema kinyume, anaandikwa. Ripoti za namna hiyo njo zilijenga kitabu kikubwa cha Moeller cha 1936 juu ya kuhama kwa Wabantu wa upande wetu huu wa mashariki. Kina habari nyingi na sikidharau. Lakini kila aliyezungumza alijua kwamba akisema vibaya ukoo wake utapoteza kiti. Ungekuwa wewe, ungesema nini?

Walikuja na wengine waliofanya kazi kwa utaratibu zaidi. Georges Weis aliandika juu ya nchi ya Uvira, milima, mashamba, samaki, kitabu kilichotoka Brussels 1959. Mkongomani Jacques Depelchin aliandika historia ya zone ya Uvira tangu karibu 1800 mpaka 1965, akaitolea udaktari Stanford, Marekani, 1974. Ni kazi nzuri sana. Iko kwa Kiingereza, na sijakutana na mtu wa Kalundu aliyeishika mkononi.

Yale maswali ya administrata hayakubaki kwenye sanduku. Sheria ya uraia ya 29 Juni 1981 ilitaka mtu aonyeshe kwamba wazee wake walikuwa wa kabila lililokuwa kwenye nchi hii tarehe 1 Agosti 1885. Mia moja kasoro minne, na hakuna aliyezaliwa hapa siku ile aliyekuwa na karatasi! Sheria ya Novemba 2004 iliondoa hesabu ya 1885, ikachukua wakati wa uhuru. Lakini katikati ya sheria hizo mbili mnajua nini kilipita hapa kwetu. Historia ilikuwa imeshageuka kuwa panga. Watu walitoa vitabu kuonyesha kwamba jirani yao ni mgeni, na jirani akatoa kitabu chake.

Na iko ardhi. Sheria ya 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ni ya serikali, na ile ambayo watu wanaishika kwa desturi ikaachiwa ipangwe baadaye kwa amri ya Rais, kipengele cha 389. Amri hiyo haikutoka. Kwa hiyo kijijini, mpaka wa shamba ni neno la mzee. Mzee akifa, mpaka umekufa naye.

Mimi hiyo naiona kwenye kazi karibu kila wiki. Mara moja, kwenye tambarare ya Ruzizi, familia mbili zilikuwa zinagombania shamba. Moja ilikimbia Oktoba 1996, ikakaa Nyarugusu miaka, ikarudi na kukuta wengine wanalima. Hao wengine hawakuwa wezi. Walipewa na shefu baada ya wao kufukuzwa kwao. Karatasi hakuna, zilibaki kwenye nyumba iliyoungua. Tuliketi chini ya mti tangu asubuhi mpaka saa tisa. Kila mtu alileta wazee wake, na kila mzee alianzia mbali, kwa babu wa babu. Makelele. Mwisho, mama mzee sana ambaye hakuna aliyemwita akasema: "Ile shina ya embe, kwenye mutoto wangu alianguka mwaka ule ziwa ilipanda, njo ilikuwa mupaka." Tukaenda, tukaikuta shina. Halikumaliza yote, lakini siku ile hatukupigana, na sehemu mbili za shamba zikapimwa kutoka pale.

Angalia alichofanya yule mama. Hakusema nani alifika kwanza. Alisema mtoto wake alianguka, na mwaka ziwa lilipopanda. Ziwa lilipanda sana 1964, baada ya mvua kubwa za miaka ile, na wazee wengi wanalifunga pamoja na mwaka wa Mulele. Kumbukumbu hiyo ingetusaidia na kwa jambo lingine kabisa. Tangu karibu 2018 ziwa lilianza tena kupanda, likaingia nyumba za Kavimvira na za karibu na bandari ya Kalundu. Wapo wazee waliosema maji yalikwisha kufika pale wakati wa vijana wao. Nani aliwauliza kabla ya kuuza zile parseli? Na usiku wa 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Mulongwe na mito mingine iliposhuka na mawe yake, watu waliokufa na nyumba zilizokwenda zilikuwa pia pale ambapo zamani watu hawakujenga. Maji yale yalichukua pia karatasi: za ubatizo, za masomo, foto za arusi, kadi za mgao tulizozileta kutoka kambini kama vile ni dhahabu.

Basi nimefika kwenye jambo ambalo mimi na mmoja wa wazee wetu hatupatani, na afadhali nyote mlijue sasa kuliko baadaye. Mimi nimependekeza kaye yetu isianze na nani alifika kwanza. Tuanze na kazi, njia, masoko, mavuno, magonjwa, masomo, kukimbia na kurudi, mtu aeleze alichokiona yeye au alichoambiwa na mtu anayemtaja. Chama chetu kina Wavira, Wafuliiru, Wabembe, Warundi wa tambarare, Wanyamulenge, na wengine ambao wakiulizwa kabila wanasema mama hivi na baba vile. Tukianza na swali la administrata tutaishia mahali pa administrata, na chama kitavunjika kabla ya kaye kujaa.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema historia bila mwanzo ni mwili bila kichwa, na kwamba mimi naogopa. Ni kweli naogopa. Nilikuwa na miaka saba tulipovuka ziwa usiku, na sijasahau maneno gani yalikuwa yanasemwa redioni na barabarani miezi ile. Lakini na yeye ana haki: akifa bila kusema anachokijua juu ya ukoo wake, nani atasema? Mwalimu njo alitoa wazo. Habari za asili ziandikwe, ila kila ukurasa wa kushoto ukiandikwa, ule wa kulia ubaki wazi kwa jirani anayeijua kwa namna nyingine, na mwenye habari akubali hivyo kwa sahihi yake. Mzee hajakubali bado. Hajakataa pia.

Jambo la pili zito ni wafu. Makobola, kuanzia 30 Desemba 1998 mpaka 2 Januari 1999. Gatumba, 13 Agosti 2004, ambapo waliouawa walikuwa wakimbizi kutoka upande wetu. Mutarule, 6 Juni 2014. Natoa tatu tu, na kila mmoja anayesoma ana ya nne yake. Umoja wa Mataifa ulitoa 2010 ripoti kubwa juu ya makosa ya 1993 mpaka 2003. Makobola imo. Gatumba na Mutarule zilikuja baadaye, hazimo. Na hata pale ilipofika, ripoti inatoa hesabu, haitoi majina ya watu. Majina yako kwa ninyi.

Lakini tusidanganyane, kuandika majina ya wafu kwenye mji huu ni hatari. Kaye inaweza kuibiwa. Inaweza kusomwa na mtu mwenye bunduki, wa upande wowote. Kwa hiyo wanaojitolea wameamua, na hapa wote watatu wanakubaliana: kwenye kaye ya majina litaandikwa jina la aliyekufa, umri, kazi yake, na mahali. Halitaandikwa la anayeshitakiwa kuua, hiyo ni kazi ya mahakama na ina njia zake. Halitaandikwa la msimulizi, ataandikwa kwa nambari, na orodha ya nambari itakaa mbali na kaye. Na kaye hiyo haitalala Uvira usiku mmoja bila nakala mahali pengine.

Kuna mwanachama aliyeniuliza kama shirika langu litatoa msaada. Niliuliza kichwani, nikaamua nisiulize ofisini. Mradi una mwaka mmoja, una bango, una foto ya waliofaidika. Ukiisha, kaye itakwenda na mradi. Maboyi walilipa karatasi zao wenyewe, au walizipata wanavyojua wao. Sisi tumeshapata kaye tatu za kurasa 200 kutoka kwa mwanachama mwenye duka la vitu vya masomo, na wino tutanunua.

Kwa hiyo, Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane, palepale tunapofanyia mkutano. Siku hiyo tutauliza swali moja tu: ulitoka kwa njia gani 1996, na ulirudi kwa njia gani? Wako waliopita Gatumba. Wako waliovuka kwa mtumbwi mpaka Kigoma, waliorudi 1997 kwa ile meli ya Liemba, waliorudi kuanzia 2005 kupitia Baraka kwa Mwongozo, wako wasioondoka kabisa, na wao pia waje, juu wao njo wanajua nani alilala kwenye nyumba zetu. Atakayekuwa na kadi ya kambi, foto, au karatasi ya zamani aje nayo ndani ya plastiki. Tutaipiga foto kwa telefoni palepale mbele yako na utarudi nayo nyumbani. Vijana wenye mwandiko mzuri tunawahitaji wanne.

Yule mama wa Kavimvira amesema atakuja wa kwanza. Ana karatasi moja, lakini anasema haisomeki tena, maji ya 2020 yalifuta wino. Tumemwambia aje nayo hivyohivyo, atuambie mwenyewe iliandikwa nini.